Mpira Uliolala Majini

Sijamsamehe yule kinyozi. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akasoma hadi mwisho akitafuta mahali nilipolainika. Wachungaji wawili wameshaniombea. Mmoja aliniwekea mkono kichwani akaanza, "Achilia, mama, achilia," nikamwambia autoe mkono wake kwanza. Sipendi mtu anishike kichwa.

Kinyozi huyo alikuwa na kibanda Kawangware, kando ya uwanja wa vumbi ambao siku hizi umejaa nyumba za ghorofa. Siku za wiki alinyoa watu. Jumamosi na Jumapili alikuwa kochi wa timu ya mtaa, na mume wangu alikuwa nambari tano wake, beki wa kati. Mume wangu aliingia timu hiyo kabla hajanioa, alipokuwa akifanya kazi kwa fundi mmoja huko. Kazi ilipohama, yeye hakuhama timu.

Sisi tulikaa Kibera, upande wa Silanga. Nilikuwa na kipande cha shamba karibu na bwawa, hatua chache tu, napanda mboga, sukuma na mrenda. Asubuhi nilikata, nikafunga mafungu, nikapanda nayo mtaa wa Ayany kuuza mlango kwa mlango. Mume wangu alikuwa seremala. Yeye mtu wa Ziwa, mimi mtu wa Magharibi, na majirani kwenye plot, ule ua wetu wa vyumba vya kupanga, walituuliza kwa utani mtoto wetu atalia kwa lugha gani. Tulikuwa na mmoja, msichana, na alilia kwa Sheng.

Sasa nieleze mambo ya pipa.

Nyuma ya kibanda cha kinyozi kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Kila Alhamisi kochi alichukua mpira wa mazoezi, mpira wa ngozi uliozeeka, akautumbukiza humo na kuukandamiza kwa jiwe usielee. Ulilala majini hadi Jumamosi mchana. Ukitolewa, ulikuwa mweusi, unatiririka, na ukiangushwa chini haukuruka, ulikaa tu pale pu. Mabeki walipanga mstari. Kochi alipanda juu ya kreti la soda, akawarushia mmoja mmoja, na kila mmoja aliupiga kichwa mara hamsini. Aliyefumba macho alianza upya kuhesabu.

"Mpira wa Jumapili ni mkavu," aliwaambia. "Ukizoea huu, ule utaona ni pamba. Na kichwa kinakomaa. Kichwa ni kama kisigino tu."

Msicheke. Hakuna aliyecheka wakati ule. Karibu sisi wote tulikulia ushago, kijijini, bila viatu, na visigino vyetu mwiba ulivigusa ukakunjika. Tulijua ngozi ya mtu inavyokomaa. Mtu akituambia na kichwa ni vivyo hivyo, tungebisha kwa nini? Hata mimi niliamini. Hapo ndipo ninapojichukia. Mume wangu alikuwa anarudi Jumamosi jioni na alama ya mshono wa mpira kwenye paji la uso, namkanda kwa maji ya chumvi, nacheka, nafuata ule mshono kwa kidole. Nilikuwa najivunia paji lile. Akina mama wa plot waliponiuliza bwanangu anachezea wapi, nilijibu kwa kidevu juu.

Na alicheza, jameni. Nisimnyime sifa yake. Kona ikipigwa, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi alikuwa anapaa, anabaki huko juu kidogo kuliko wengine, halafu unasikia tu mlio. Uwanja mzima ulisikia ule mlio. Watoto wa Kawangware walikuwa wanauiga kwa ulimi.

Mwaka wa tisini na tatu, kwenye mechi na timu ya Riruta, alipaa na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana. Alilala chini akitetemeka miguu. Kochi alimmwagia maji, akampiga makofi mawili ya shavu, akamwinua. "Wewe ni mwanaume ama ni nini? Ingia." Akaingia. Baada ya mechi aliniuliza mara tatu wameshinda au wameshindwa, na mara zote tatu alifurahi upya. Nikaona ni utani. Nilimwambia aache ujinga, tuende nyumbani.

Baada ya hapo alianza kuumwa kichwa. Aliamka nacho, alilala nacho. Mwanga wa jua ulimkera, akawa anafanya kazi amevuta kofia hadi puani. Halafu mikono ikaanza kusahau. Huyu ni seremala aliyekuwa akikata ubao kwa jicho tu, bila kupima. Siku moja akatengenezea mteja wa Ayany stuli, na hakukuwa na miguu miwili iliyolingana. Mteja akaiweka sakafuni, ikainama. Mume wangu akaitazama, akasema sakafu ndiyo mbovu. Alisema kwa hasira, yeye ambaye hakuwa mtu wa hasira. Fundi wake alimvumilia miezi kadhaa, mwishowe akamwambia apumzike kidogo, na sote tunajua kupumzika kidogo ni nini.

Mazoezi hakuacha hata wiki moja. Kazi ilimkataa, lakini pipa halikumkataa.

Nilikwenda kwa kochi mwenyewe. Nilimkuta ananyoa mzee mmoja, nikangoja kwa heshima mpaka amalize, kwa sababu wakati huo bado nilikuwa na heshima. Nikamwambia, "Kochi, mtu wangu anaumwa. Anasahau vitu. Naomba umpumzishe na ile mpira ya maji."

Alipangusa mashine yake kwa kitambaa, polepole. Ndani ya kibanda kulikuwa na watu wanne au watano wanangoja zamu.

"Shemeji," akasema, na akapaza sauti ili wote wasikie, "mimi nimefundisha mabeki miaka mingi. Sijaona mpira umefanya mtu asahau. Mwanaume akianza kusahau, kwanza angalia jikoni."

Wakacheka. Ghai, walicheka! Mzee aliyenyolewa alicheka hadi povu likamwingia mdomoni.

Kwa msomaji asiyejua Nairobi yetu, nieleze. Mwanaume akiwa mpole ghafla, akianza kukaa nyumbani, akiacha marafiki, watu hawasemi amebadilika. Wanasema mke amemlisha kitu. Wanasema amekaliwa chapati, yaani mke ameikalia chapati kwanza ndipo akampa ale, awe mtumwa wake. Kochi hakusema zaidi ya maneno yale, na hakuhitaji. Kinyozini maneno yanatoka na kila kichwa kinachonyolewa. Kabla ya mwezi kuisha, hata Silanga walikuwa nayo.

Na ushahidi walioutaka, mimi ndiye nilikuwa nawapa kila siku bila kujua! Mume wangu alipoanza kupotea njia ya kutoka Kawangware, siku moja nikampata Riruta amesimama kando ya barabara, anauliza wapita njia basi la kwao linapitia wapi, basi nikaanza kwenda kumchukua mwenyewe. Nilimshika mkono. Nifanyeje, nimwache aingie chini ya gari? Lakini nani Kibera amewahi kumwona mwanaume mzima ameshikwa mkono na mke wake mchana kweupe, anafuata tu? Nyumbani alikuwa anaosha vyombo, kwa sababu maji yalimtuliza. Anaosha, anasuuza, anaosha tena vilevile. Majirani walichungulia mlangoni wakaguna. "Huyo ameisha," walisema. "Huyo amelishwa akashiba."

Nilianza kulipiza. Sioni haya kusema.

Wake wa wachezaji tulikuwa na zamu ya kufua jezi. Zamu yangu ilipofika, nililetewa na suti ya kochi ya mazoezi, ile ya buluu yenye mistari. Nikaifua vizuri, nikaianika, nikaipiga pasi. Halafu nikachukua pilipili kavu, nikaiponda laini, nikaipangusia ndani ya suruali pale ambapo jasho linaanzia. Jumamosi ile mazoezi yaliisha mapema. Waliniambia alikimbilia lile pipa lake mwenyewe akaketi ndani. Nilicheka hadi nikalia, na nilipomaliza kulia nikakuta bado nalia.

Mara ya pili niliuendea mpira wenyewe. Nilikwenda na mboga kama nimekuja kuuza, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikauinua kutoka kwenye pipa na kuuchoma kwa spoku ya baiskeli mara nyingi, huku na huku. Nikarudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyetoka kanisani. Kumbe nimefanya nini? Kochi aliupeleka kwa fundi viatu. Fundi akaweka kibofu kipya, akashonea viraka vya ngozi nene pale nilipochoma, na mpira ukarudi majini. Viraka vilinyonya maji kuliko mpira mzima. Jumamosi hiyo mume wangu alirudi na alama mpya usoni, pana, na nilijua imetoka wapi.

Alikuwako mama mmoja Ayany, muuguzi, mteja wangu wa sukuma. Nilimsimulia nikiwa nimeegemea lango lake. Hakucheka. Aliniandikia jina la daktari kwenye karatasi, akasema, "Mpeleke Jumatatu. Na usitaje habari ya uchawi ukifika huko."

Daktari alikuwa kijana, amechoka, shati limekunjwa mikono. Alimwambia mume wangu akumbuke maneno matatu: kiti, ndizi, kengele. Akazungumza habari nyingine dakika chache, akamuuliza maneno ni yapi. Mume wangu akatabasamu, akasema, "Maneno gani?" Daktari akaniangalia mimi.

"Huyu ni bondia?"

"Hapana. Anacheza mpira."

"Anagongwa kichwa?"

Nikamweleza yote. Pipa, hamsini, mechi ya Riruta. Nilipofika kwenye kisigino akaweka kalamu chini.

"Kisigino kinakomaa kwa sababu ngozi inazaliwa upya kila siku," akasema. "Ubongo hauzaliwi upya hivyo. Ni kitu laini, mama, laini kuliko ini la ng'ombe, na kinaelea ndani ya fuvu. Ukigonga nje, kinagonga ndani. Paji likizoea maumivu, ubongo haujui habari hiyo."

Nikamwambia, "Basi niandikie. Uandike ni mpira, upige muhuri."

Hapo akajikuna kichwa. Akasema habari za mabondia zinajulikana. Habari za wachezaji wa mpira, wako madaktari ng'ambo wanaoshuku, wanachunguza, hawajaelewana. Yeye mwenyewe anashuku sana. Lakini hawezi kuandika jambo ambalo hana hakika nalo. Aliandika tu kwamba mgonjwa apumzike, asipigwe kichwani. Nilimkasirikia siku ile. Leo naona alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake haukunifaa kitu.

Mume wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Jumamosi akaenda mazoezini. Nilipomuuliza, aliniapia kwa mama yake kwamba hatujawahi kwenda hospitali.

Mama yake ndiye aliyekuja baadaye. Alitoka ushago na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, siku ya Jumapili baada ya ibada. Nilipika kuku. Nilimpokea mama mkwe kama anavyopokelewa, macho chini, maji ya kunawa, kiti chenye mto. Hakugusa kuku. Alisema, "Mimi nilizaa mtoto mwenye akili. Nataka kujua akili yake imewekwa wapi."

Shemeji alianza kupekua nyumba. Alitafuta chini ya godoro, kwenye sanduku, kwenye debe la unga. Nyuma ya jiko akapata chupa yenye maji ya kahawia, akaiinua juu kwenye mwanga. Ilikuwa munyu, ile chumvi yetu ya majivu ya maganda ya maharagwe, unayochuja ukaitia kwenye mrenda ulainike. Haki ya Mungu, mama mkwe aliijua! Huko kwake huchuja ya kwake, nimeona kwa macho yangu, na alinifundisha yeye mwenyewe niipime kwa ulimi. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, waambie hiyo ni nini."

Aliitazama chupa. Akatazama ukuta. "Mimi sijui vitu vya kwenu," akasema.

Shemeji akaimwaga mlangoni. Mume wangu alikuwa amekaa pale kitandani, anatabasamu, anapiga magoti yake taratibu kwa vidole. Nikamwambia, "Sema kitu." Akasema kuku ananukia vizuri.

Walimchukua binti yangu siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka mitano. Mama mkwe alisema hawezi kuacha mjukuu kwenye nyumba ambayo watu wanalishwa vitu. Alisema nikianza kufungua nilichofunga, huo uchawi wangu, na mtoto wake akirudiwa na akili, mtoto wangu atarudi. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Shemeji akavitoa vidole vyangu kimoja kimoja, bila kuniumiza, kama mtu anayefungua fundo. Binti yangu aliuliza kama atapata dirisha kwenye basi.

Tangu hapo sikutaka kitu kingine chochote. Daktari hawezi kuandika, mume hawezi kusema, mama mkwe hataki. Aliyebaki ni kinyozi. Maneno yalitoka mdomoni mwake mbele ya watu, basi yarudi mdomoni mwake mbele ya watu. Aseme ni mpira, shemeji akisikia, na mtoto wangu apande basi la kurudi. Nilipanga miezi minne. Nikiwa nakata sukuma, napanga. Nikiwa napiga magoti kanisani, napanga.

Shemeji alikuja mjini kwa shughuli zake mwaka wa tisini na tano, nikamwalika Jumapili mechini Kawangware. Nikamwambia nataka kufungua kile nilichofunga, na nitakifungulia pale. Alikubali haraka. Alivaa koti.

Tulifika mchana, mimi, yeye na mume wangu nimemshika mkono. Kinyozini kulikuwa kumejaa, maana watu walinyoa kabla ya mechi. Sikusalimia mtu. Nilizunguka nyuma, nikaingiza mikono yangu kwenye pipa, nikautoa ule mpira na viraka vyake. Nikaubeba umenilowesha gauni, nikauchukua na ule mkavu wa mechi uliokuwa juu ya benchi, nikaingia nayo yote miwili kwenye bucha ya jirani. Bucha ilikuwa na mizani ya sahani mbili.

"Pima," nikamwambia muuza nyama.

"Pima nini, mama mboga?"

"Pima huu mkavu kwanza."

Akaweka jiwe la nusu kilo, akaweka mpira mkavu. Jiwe likashinda. Nikaweka ule wa pipa. Mizani ikaanguka upande wa mpira, pwaa, maji yakamwagika kaunta. Akaongeza jiwe la robo ndipo ulipoinuka. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mtu mmoja akapiga mluzi.

"Huu ndio kochi anawarushia," nikasema. "Mara hamsini kila Jumamosi, miaka yote hiyo. Sasa tutokeni, mwone anavyoupiga yeye."

Wakatoka nao, nani angekosa? Kochi alisimama nje ya kibanda chake na mashine mkononi, waya unaning'inia. Watu walifanya duara, wachezaji na jezi zao, watu nusu wamenyolewa, wauza karanga. Shemeji nilimsimamisha mbele kabisa. Mume wangu nilimwacha kando yake, nikamwambia akae hapo, asitoke.

"Kochi," nikasema. "Kichwa ni kisigino. Si ndiyo? Pokea moja tu. Sio hamsini. Ukipokea moja, mimi nitakubali ni jikoni kwangu. Ukikataa, sema mbele ya shemeji yangu huyu kile kinachoharibu watu wako."

"Shemeji, wacha mchezo."

"Moja!" watu wakaanza. "Moja! Moja! Kochi, moja!"

Nilimwona anaangalia mpira. Nilimwona anaogopa, na utamu wa kitu kile sijaupata tena maishani mwangu, nikiwa mkweli. Alikuwa mtu mzima, kipara, ametoa jasho juu ya mdomo. Nikaunyanyua mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, nikasema, "Usifumbe macho," na nikamrushia kwa nguvu zangu zote za kubeba magunia.

Akainama.

Mpira ulipita juu ya kipara chake, ukielekea kwenye watu. Na kutoka kando nikaona kitu cheupe kinakuja mbio, shati la mume wangu la Jumapili. Hakuna aliyemwita. Alikimbia hatua tatu, akapaa, akabaki kule juu, akaupiga. Nilisikia mlio. Mpira ukaruka duara zima ukaanguka katikati ya uwanja.

Kulitoka kelele ambayo sijawahi kusikia mtaani. Watu walimrukia, wakambeba. Waliimba jina lake la uwanjani, lile ambalo hawakuwa wamelitaja karibu mwaka mzima, tangu aache kupangwa kwenye mechi, isipokuwa kwa kumsikitikia. Wachezaji walikuwa wanagonga mikono juu. Yeye aliinua mkono mmoja kule mabegani, maji meusi yanamtiririka usoni hadi kwenye kola, na macho yake yalinipitia mimi, yakamwendea mtu wa nyuma yangu, yakaendelea.

Kochi alikuwa bado ameinama. Alijiinua polepole, akaja karibu yangu, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Sio wewe," akasema. "Ni mpira. Nilijua tangu mwaka juzi."

Aliyasema vizuri, yote, kama nilivyokuwa nimeyataka. Nikapiga kelele, "Sema tena! Sema kwa nguvu!" Nilimshika shati, nikamvuta kuelekea kwa shemeji. Lakini shemeji hakuwa pale nilipomweka. Alikuwa chini ya umati, yeye ndiye aliyekuwa amebeba mguu mmoja wa ndugu yake. Alipotoka alikuwa analia, koti limechanika bega, na alinikumbatia. Mtu huyo hakuwahi kunigusa isipokuwa siku ile aliponitoa vidole mlangoni.

"Asante, shemeji," akasema. "Umefungua. Mungu akubariki, umefungua. Nitamwambia mama."

"Hapana," nikasema, "sikiliza, huyu hapa atakuambia."

Nikageuka. Kinyozi alikuwa ameshaingia kibandani, mashine inanguruma.

Binti yangu aliletwa wiki iliyofuata, amenenepa, anaongea Kijaluo. Mama mkwe alimleta mwenyewe, na mara hii alikula kuku. Jumapili wachezaji wawili walikuja hadi Silanga kumchukua mume wangu, wamebeba jezi nambari tano imefuliwa na kukunjwa. Ningesema kitu, ningerudi kuwa mchawi, na mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu, angempandisha mtoto tena basi la ushago la saa nane. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwangu, nimemshika kwa nguvu hadi akalalamika.

Mume wangu alicheza dakika zote tisini.